Kumwuliza Daktari si Kumvunjia Heshima

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hapa shuleni twaisikia methali hii karibu kila wiki, na mwalimu wetu wa Hesabu humkasirikia zaidi mtoto anyamazaye kuliko yule aulizaye swali jepesi. Lakini ajabu ni kwamba methali hiyo huachwa nje ya mlango wa daktari. Mtu mzima ambaye hanunui shati sokoni mpaka aligeuze mara tatu, na ambaye humwuliza fundi wa baiskeli sababu ya kila nati aliyoifungua, akiingia kwa daktari husema "ndiyo" mara tano, hupokea karatasi yake, akatoka. Akifika nyumbani ndipo huanza kuwauliza majirani maana ya maneno aliyoambiwa.

Maoni yangu ni kwamba desturi hii haifai, na katika ugonjwa wa kisukari inadhuru. Nasema pia kwamba kuuliza si kubisha, wala si kuacha dawa. Tofauti ya mambo hayo nimeiona katika ukoo wetu wenyewe, nami nitaieleza kwa ruhusa ya wazee wangu, ili iwafae na wengine.

Kwanza yafaa tuukumbuke ugonjwa wenyewe, maana si wote wanaosoma gazeti hili wanaojifunza Biolojia. Chakula kikisagwa tumboni, sehemu yake kubwa hugeuka sukari na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke katika damu na kuupa mwili nguvu, yatakiwa insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani, kongosho haitoi insulini ya kutosha kumweka mtu hai. Mgonjwa huyo hana budi kudungwa insulini kila siku maisha yake yote. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, mwili hauitii insulini vizuri, na kadiri miaka ipitavyo kongosho nayo huchoka. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu macho, figo, moyo, na mishipa ya fahamu ya miguuni. Wala ugonjwa huu si wa matajiri wa mjini tu, kama wengine wanavyodhani. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 mpaka 64, karibu 9 walikuwa na kisukari.

Sasa tazameni jinsi ugonjwa huu ulivyo tofauti na mengine. Mtu aliyevunjika mguu hulala kitandani, daktari akaunga mfupa, na kazi kubwa ikawa imekwisha. Lakini mwezi una saa 720, na mwenye kisukari huonana na daktari wake labda kwa robo saa moja tu katika mwezi mzima. Je, katika saa zote zilizobaki anayemtibu ni nani? Ni yeye mwenyewe, na mpishi wake, na mtoto amkumbushaye vidonge, na jirani amkaribishaye chai. Hao ndio wanaojua alikula nini, alilala vipi, na dawa ilimfanya nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari anajua habari za kisukari cha watu wote. Mgonjwa anajua kisukari chake yeye. Mmoja akinyamaza, matibabu yamekatika nusu.

Bibi yangu, mzaa baba, anakaa kijijini kwetu mkoani Tanga. Ana kisukari cha aina ya pili tangu zamani, na kwa miaka mingi alitumia vidonge vya namna mbili, metformini na glibenklamidi. Siku ya kliniki aliondoka nyumbani alfajiri kwa basi, bila kula na bila kumeza dawa, kwa sababu aliwahi kuambiwa kwamba damu hupimwa kabla ya kula. Lakini foleni ni ndefu, naye ni mzee. Ikifika saa nne hushikwa na njaa, akanunua chai ya maziwa yenye sukari na maandazi mawili hapo nje. Alipopimwa adhuhuri, mashine ilionyesha 14.8, hali mtu mzima mwenye kisukari hutakiwa awe chini ya 10 hivi saa mbili baada ya kula. Daktari alitazama hesabu ile, akaona dawa haitoshi, akaongeza glibenklamidi mara mbili. Bibi akasema, "Ahsante, mwanangu," akarudi nyumbani.

Baada ya siku chache mambo mapya yakaanza. Usiku bibi alitoka jasho hata kanga ikalowa, mikono ikatetemeka, na mara mbili alimwita marehemu babu kana kwamba yuko mlangoni. Jirani mmoja alisema ni malaria. Mwingine alisema ni mashetani ya ukoo, na akamtaja mtu wa kuyatoa. Shangazi yangu hakumsikiliza huyu wala yule. Aliazima mashine ndogo ya kupimia sukari, na usiku ule bibi alipoanza tena kutetemeka, saa nane, akampima. Ilikuwa 2.7. Sukari ikishuka chini ya 4 ni shida, na ikishuka chini ya 3 ni hatari kubwa, maana ubongo hauwezi kufanya kazi bila sukari. Shangazi alikoroga vijiko vitatu vya sukari katika maji, akamnywesha bibi alipokuwa bado anaweza kumeza, na baada ya robo saa akampima tena: 4.4. Kisha akampikia uji. Asubuhi bibi hakukumbuka lolote.

Hayo yalitokea katika likizo ya Desemba 2023, nami nilikuwa nyumbani. Shangazi alininunulia daftari la kurasa 32, akaniambia niandike. Kwa siku kumi niliandika saa, chakula alichokula bibi, kidonge alichomeza, na hesabu iliyosomwa na mashine. Usiku wa tatu na wa saba ikashuka tena, na kila mara shangazi alikuwa macho na sukari yake tayari. Tena daftari lilituonyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema: tangu babu afariki, bibi alikuwa halili chakula cha jioni isipokuwa ndizi moja au kikombe cha uji. Dawa ilikuwa imeongezwa, na chakula kilikuwa kimepungua.

Tulikwenda kliniki pamoja, bibi akiwa amefuata desturi yake ile ile ya chai na maandazi. Mashine ya hospitali ikaonyesha 13.2. Daktari, kijana mwenye haraka, maana nje walingoja watu zaidi ya arobaini, akasema dawa iongezwe tena. Ndipo shangazi aliposema, "Samahani daktari, naomba kuuliza. Je, mtu aweza kuwa na sukari nyingi hapa, na usiku ikamwishia?" Daktari akajibu kwa ukali, "Mama, nani daktari hapa, wewe au mimi?" Bibi akamvuta shangazi nguo, akamnong'oneza, "Nyamaza mwanangu, utamwudhi." Lakini shangazi hakuinua sauti wala hakunyamaza. Alisema, "Wewe ndiye daktari, baba. Ndiyo sababu nimekuletea haya, uyatazame. Mimi sikuyaelewa." Akaweka daftari mezani.

Daktari alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, na wa pili akiwa ameketi. Kisha akamwuliza bibi, "Leo asubuhi ulimeza dawa?" Bibi akasema hapana. "Ulikula nini kabla ya kupimwa?" Bibi akataja chai na maandazi. Hapo daktari akakata neno lake la kwanza. Aliagiza figo zipimwe siku ile ile, zikaonekana zimedhoofika, na akatueleza kwamba glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee mwenye figo dhaifu hukaa zaidi. Akaiondoa kabisa, akapanga dawa nyingine kwa kadiri ya figo zile, na akamwambia bibi kwamba siku ya kliniki aje na dawa zake na chakula chake, ameze na kula mara tu baada ya kupimwa. Tangu siku hiyo mitetemeko ya usiku haikurudi.

Simleti daktari yule hapa ili alaumiwe. Maneno yake makali hayakuwa mazuri, na mtu mwoga kuliko shangazi yangu angerudi nyumbani na vidonge vya kumwua mama yake. Lakini uamuzi wake haukuwa wa kipumbavu. Aliamua kwa hesabu moja aliyoiona, kwa sababu hakuna aliyempa nyingine. Bibi alikuwa na heshima nyingi, na heshima hiyo ilimficha daktari ukweli.

Upande wa pili wa ukoo tulimwona mjomba wangu. Yeye naye alikuwa na kisukari cha aina ya pili, na baada ya miaka tisa daktari alimwambia kwamba vidonge havitoshi, aanze sindano za insulini. Mjomba alikuwa amesikia barazani kwamba insulini ni mlango wa kaburi, kwamba kila aianzaye hafiki mbali. Basi moyoni mwake alimshuku daktari. Lakini je, alimwuliza? Hakumwuliza. Alisema, "Ndiyo, daktari," akaipokea karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akanunua chupa ya dawa ya majani kwa mtu aliyemwahidi kupona kwa siku 40, na vidonge vyake vyote akavitupa. Kwa muda alijiona mzima. Siku moja shambani msumari ulimchoma kisigino, naye hakuusikia, kwa sababu mishipa ya fahamu ya miguu ilikuwa imekufa ganzi. Kidonda kikaoza ndani ya kiatu. Mwaka 2019 alikatwa mguu chini ya goti.

Swali la mjomba lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa swali jema: Je, insulini ni dalili kwamba nakufa? Lingejibiwa kwa dakika mbili. Angeambiwa kwamba kongosho huchoka kwa miaka, na kwamba sindano humpa mtu kile ambacho mwili wake hauwezi tena kukitengeneza. Angeambiwa pia kwamba wengi hufa mapema baada ya kuianza kwa sababu waliikataa mpaka figo na moyo vikaharibika.

Basi ndipo nilipoona kwamba watu hukosea wanaposema Waswahili ni watiifu kwa madaktari. Asiyeuliza haachi kushuku, hushuku gizani. Husema ndiyo hospitalini na hapana nyumbani. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, dawa iliyosifiwa kuwa yaponya kisukari na maradhi mengine makubwa, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Bila shaka wengi wao walikuwa wamesema "ndiyo, daktari" miaka mingi. Siku hizi safari si lazima tena. Ujumbe wa simu waja mpaka kitandani, ukisema maji ya bamia huponya kisukari. Mtu aliyezoea kumwuliza daktari wake ataupeleka ujumbe huo kwake na kuuliza. Asiyezoea ataunywa.

Wako watakaosema: daktari amesoma miaka mitano chuoni na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na wewe ni mtoto wa Kidato cha Nne, utamwuliza nini? Najibu kwamba udaktari wenyewe umekuzwa na maswali. Kabla ya mwaka 1922 shauri bora la madaktari wakubwa wa Marekani kwa mtoto mwenye kisukari lilikuwa kumpa chakula kidogo sana, karibu na njaa, ili aishi siku chache zaidi. Mwaka 1921 mjini Toronto, nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata dawa katika kongosho za mbwa. Tarehe 11 Januari 1922 dawa hiyo ilidungwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Haikumfaa: sukari ilishuka kidogo tu, na mahali pa sindano pakaota jipu. Wangesema, "Sisi ndio wataalamu, dawa ni nzuri," mtoto yule angekufa. Badala yake walijiuliza kosa liko wapi, na mwenzao James Collip akaisafisha dawa. Tarehe 23 Januari akadungwa tena, sukari ikashuka, naye akaishi miaka 13 zaidi. Ikiwa wagunduzi wa insulini waliuliza juu ya kazi yao wenyewe, sisi tukiuliza juu ya bibi zetu tumemtukana nani?

Wengine watasema foleni ni ndefu, na kila mtu akiuliza, wa mwisho ataonwa usiku. Hoja hii ni ya kweli, nami siidharau. Ndiyo maana nasema swali liandaliwe. Mtu aelezaye habari za tangu arusi yake hupoteza wakati wa wenzake. Mtu mwenye daftari huuokoa, kwa sababu daktari husoma siku kumi kwa dakika moja. Tena mgonjwa anayeelewa dawa yake harudi kila wiki, wala haletwi usiku kwa machela.

Napenda basi kutoa mashauri machache kwa wote wenye mgonjwa nyumbani.

Kwanza, andikeni. Saa, chakula, dawa, na hesabu ya sukari kama mashine ipo. Kama haipo, andikeni dalili: jasho, kutetemeka, kiu, kukojoa sana usiku.

Pili, chukueni dawa zote katika mfuko mmoja mkaziweke mbele ya daktari, pamoja na za majani, bila kuona haya. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Tatu, ulizeni mambo manne: Dawa hii ni ya nini? Ninywe lini, kabla ya chakula au baada? Nikiona dalili gani nirudi upesi? Na siku nisipoweza kula, nifanyeje?

Nne, msiache dawa kwa shauri lenu wenyewe, hasa insulini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiikosa insulini aweza kufa katika siku chache. Ukiwa na shaka, shaka hiyo ipeleke hospitalini.

Tano, jibu lisipokuridhisha, omba kwa adabu uonwe na daktari mwingine, ukiwa na kadi yako na daftari lako. Wala hapo hukumkimbia wa kwanza.

Sita, sukari ikimshuka mtu naye bado anameza, mpeni maji ya sukari mara moja. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, atapaliwa, mkimbizeni hospitali.

Sasa nageuka kwenu, wanafunzi wenzangu. Katika nyumba nyingi za kwetu sisi ndio tunaosoma maandishi ya kopo la dawa. Wazazi wetu wameuza mahindi na machungwa ili tujue kusoma, kuandika na kuhesabu. Je, ni vigumu mno, katika likizo ya mwezi mmoja, kumwandikia bibi daftari la siku kumi na kumsindikiza kliniki? Yuko mwanafunzi awezaye kuchora kongosho vizuri sana katika mtihani, na hajui baba yake anameza vidonge vingapi. Elimu ya namna hiyo yamfaa nani?

Kwenu walimu wetu wapendwa, naomba jambo moja. Mwanafunzi mwenye kisukari aruhusiwe kuwa na sukari au peremende mfukoni darasani, na akiinua mkono kusema anajisikia vibaya asiambiwe angoje kengele. Sukari haingoji kengele. Akizoea hapa kwamba swali lake husikilizwa, ataweza kesho kuuliza mbele ya daktari.

Na kwa madaktari, ambao wengi wao walikaa juu ya madawati kama haya yetu, nasema kwa heshima zote: mgonjwa akikuuliza, hajaja kukupokonya kazi. Amekuletea sehemu ya ugonjwa ambayo huwezi kuiona kutoka mezani pako. Mpokee. Miongoni mwetu wapo watakaosomea udaktari miaka michache ijayo, nao wataketi penye kiti hicho. Nawasihi wasilisahau neno hili siku atakapoingia mama mwenye kanga iliyofifia, na daftari la kurasa 32 mkononi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne